Nyumba ya Kumi na Moja na Nusu

Juzi niliingia kwa jirani yangu hapa Nkende kuazima chekeche, nikakuta ameiweka miguu ya kabati lake jipya ndani ya makopo ya mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Harufu ile ilinitoa nje haraka, nikasimama juani. Nilimwambia ni kizunguzungu. Ningemwelezaje mtu aliyekuja kunipa chekeche kwamba kwangu mafuta ya taa ni harufu ya piano, na kwamba kwa majira mazima ya utoto wangu harufu ya piano ilikuwa harufu ya watoto kufa?

Tulikuwa tumehamishiwa kijijini si muda mrefu. Kule tulikotoka, upande wa Kisaka, mji wetu ulizungushiwa ua wa minyaa, nyumba ya bibi na ya mama zikitazama zizi, na jirani wa karibu ulimwona kwa moshi wake tu. Kijijini nyumba zilipangwa mistari miwili kando ya barabara, mlango ukitazamana na mlango. Katibu wa kijiji alipita na kopo la rangi nyeupe akaandika namba kwenye kila mlango. Upande wetu ulipata moja, tatu, tano na kuendelea; upande wa pili ukapata mbili, nne, sita. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Katibu mwenyewe. Ya tatu ilikuwa ya kina Ghati, rafiki yangu wa kuchota naye maji. Ya kwetu ilikuwa kumi na moja.

Bibi aliichukia namba ile kuliko alivyochukia kuhama. Kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa kunyooshewa kidole, wala watoto. Ukitaka kujua kama wote wamerudi, unawatazama nyuso. Kuhesabu, alisema, ni kumwonyesha mtu usiyemwona mahali pa kuanzia. Alilisema hilo akisonga ugali wa mtama, kwa sauti ile ile ya kusema mvua itachelewa, kisha akaendelea na mambo mengine. Mimi ndiye niliyebaki nalo. Nilikuwa nimefika umri wa kufundishwa hesabu za sehemu shuleni, lakini sikuwa nimefika umri wa kujua maneno gani ya watu wazima yaachwe yapite.

Majira hayo hayo Shangazi Rhobi, dada yake baba, alirudi kutoka hospitali ya misheni ng'ambo ya Mto Mara, alikolazwa muda mrefu kwa kifua kikuu. Alichomwa sindano kila siku mpaka, alivyosema mwenyewe, hakubaki na mahali pa kukalia. Kifua kilipona. Lakini alirudi mwembamba, macho yamekuwa makubwa, na tabia ambazo hatukuwa tukizijua. Alizungumza kwa sauti ya juu hata ukiwa ubavuni mwake. Ukimwita kwa nyuma alikwenda zake kana kwamba hakujui. Na jua likishazama hakuweza kutembea sawasawa; aliyumba, na kila jioni aliporudi nyumbani alipita akigusa kuta za nyumba za upande wetu, moja baada ya nyingine, kwa kiganja kizima. Wengine walisema amejifunza pombe huko hospitali. Bibi hakusema kitu, na kimya cha bibi kilinitia hofu kuliko maneno ya watu.

Kabla ya kuugua alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mpiga kinanda wa kanisa. Kinanda chenyewe kilikuwa piano nzito nyeusi waliyoiacha wamisionari walipoondoka, na mke wa mmoja wao ndiye aliyemfundisha Rhobi akiwa msichana. Hakuna mwingine aliyejua kuipiga. Shuleni walikuwa wamekwisha kuweka mtu mahali pake, kwa hiyo piano ndiyo ilikuwa kazi yake iliyobaki, na aliishikilia kama mtu anavyoshikilia mkia wa ng'ombe akivuka mto. Kila alasiri alikwenda kanisani. Mama alinipa kazi ya kufuatana naye: kujaza mafuta ya taa kwenye makopo ya samaki yaliyosimamishiwa miguu ya piano, kufukuza panya, na kuhakikisha anarudi kabla giza halijaingia.

Sikukuu ya mavuno ilikuwa njiani, na shangazi alitaka mwisho wa wimbo wa kwaya usiwe ule wa siku zote. Alinikalisha kando yake kwenye benchi, akaweka kidole kwenye kibao cha so. Hii ndiyo ya kwanza, aliniambia. Ruka kibao kimoja, gusa: hiyo ni ya tatu. Ruka, gusa: ya tano. Ruka tena, gusa: ya saba. Sauti nne zikakaa pamoja, zikaning'inia kama mgeni aliyesimama mlangoni, hajaambiwa aingie wala aondoke. Kwaya nyingi huishia hapo, alisema, zinarudi kwenye do na watu wanakaa. Yeye alitaka kuendelea kupanda: ya tisa, ya kumi na moja, ya kumi na tatu. Hizo za mwisho alizipeleka mbali kulia, kwenye vibao vya mwisho kabisa, ambako sauti ni nyembamba kama kijiko kikigonga glasi. Zote zilipolia pamoja, kanisa lile la bati lilijaa kitu ambacho sikuwahi kukisikia, kitamu na cha kutisha, kama upepo wa mvua ukiwa na radi ndani yake.

Rundo la sauti namna hiyo wapiga vinanda huliita kodi. Neno kodi mimi nililijua kwa babu tu, aliyewahi kulala porini akiikimbia kodi ya kichwa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilielewa kwamba kuna kitu kinatozwa, na kwamba wanaotozwa wana namba.

Shangazi hakuwa akipiga wimbo. Alipiga kodi ile ile, akiongeza sauti moja moja, na kila alipoongeza aliinama akaweka paji la uso kwenye ubao wa piano, macho amefumba, kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa watu. Kisha alijisemea kwa ile sauti yake ya juu. Ya saba ipo. Ya tisa ipo. Ya kumi na moja ipo kwa mbali. Akifika kwenye kibao cha mwisho alikibonyeza tena na tena, akatikisa kichwa na kusema: ya kumi na tatu imekwenda.

Mtoto wa nyumba ya kumi na tatu alizikwa wiki hiyo. Surua ilikuwa imeingia kijijini. Watu waliozoea kukaa mbalimbali sasa walipumua hewa moja, ila sisi watoto hatukuijua hesabu hiyo. Nilichojua ni kwamba niliketi kanisani nikamsikia shangazi akisema ya kumi na tatu imekwenda, na nilipofika nyumbani nikakuta akina mama wamejaa kwenye uwanja wa mlango wa kumi na tatu, na baba wa mtoto anachimba. Udongo ulikuwa mwekundu na mbichi. Nilisimama nyuma ya mama nikiwa nimeshika kanga yake, na niliposikia nyuma yangu kiganja cha shangazi kikipapasa ukuta wetu akielekea kwake, nilibanwa na mkojo papo hapo.

Baada ya hapo kila alichosema kilikuwa na nyumba yake. Ya kwanza haiondolewi kamwe, alinifundisha, ikiondoka nyingine zote zinakosa maana. Na mimi nikamwona Katibu amesimama mlangoni kwake, mikono nyuma. Ya tano ukiitoa hakuna atakayegundua; na nyumba ya tano alikaa mzee mmoja mjane, hana mtu. Ya saba haitulii, inataka kushuka irudi kwake. Na wiki hiyo hiyo watu wa nyumba ya saba walifungasha kimyakimya wakarudi kwenye mahame yao, mgambo wakawafuata. Mtoto anayetafuta ushahidi haukosi. Nilipomwona mtoto wa nyumba ya tisa, aliyekuwa ameugua, akicheza nje tena, nilikumbuka kwamba shangazi alisema ya tisa ipo, na badala ya kufurahi niliogopa zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na hakika.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Shangazi alikuwa wa damu yetu, alinigawia karanga zake, aliniita kijukuu chake kwa utani wakati mimi ni mtoto wa kaka yake. Na nilijua, kwa namna watoto wanavyojua bila kuambiwa, kwamba kuna neno moja ambalo likisemwa juu ya mwanamke kijijini halirudi tena mdomoni. Kwa hiyo nilitafuta njia nyingine. Kila mara aliponigeukia, akabonyeza kibao cha mbali kulia na kuniuliza kama ipo, nilimtazama usoni na kuitikia kwa kichwa kwa nguvu zangu zote. Ipo, shangazi. Hata kabla hajakiachia kibao, nilikwisha itika. Niliamini kwamba nikiitika haraka, nyumba inabaki. Nilichoshindwa kukielewa ni kwa nini kila nilipoitika uso wake ulikunjamana kama mtu aliyemezeshwa kwinini.

Kisha Chacha, mdogo wangu, akaanza homa. Asubuhi macho yalikuwa mekundu, mchana akakataa maziwa, na jioni bibi alimfunua kifua karibu na moto akaviona vipele nyuma ya masikio vikishuka shingoni. Kesho yake kanisani shangazi aliibonyeza ile sauti ya kumi na moja. Aliinama na paji lake la uso, akabaki pale muda mrefu. Alipoinuka alisema polepole kwamba ya kumi na moja leo haipatikani kabisa.

Miguu yangu haikugusa sakafu kwenye benchi lile. Nilimwambia ipo. Nilirudia mara nyingi, kwa sauti, mpaka akanishika bega ninyamaze. Alidhani nimechoka. Ili kunituliza akaamua kunifundisha kitu, na alichonifundisha kilikuwa hiki: kwamba ya tatu na ya kumi na moja zinagombana, hazikai nyumba moja. Mpigaji anayejua kazi huiondoa mojawapo.

Nilimuuliza ni ipi huondolewa. Ilibidi niulize mara mbili.

"Mimi naiondoa ya tatu," alisema. "Hapo ya kumi na moja inakaa vizuri."

Ya tatu ilikuwa Ghati. Asubuhi ile ile tulikuwa tumechota maji naye, akanifungia kata ya majani ya kichwani kwa sababu yangu ilifunguka. Nikawa nimekaa pale, na mbele yangu Chacha na Ghati, na kidole cha shangazi kikielea juu ya kibao. Nilimwomba, nikilia sasa, aniambie kama hakuna njia nyingine, zikae zote mbili. Alinitazama kwa mshangao, nadhani akafurahi kuona mtoto anazililia sauti kiasi hicho. Akasogeza kidole kutoka kwenye kibao cheupe mpaka cheusi kilicho juu yake.

"Ipo," alisema. "Ya kumi na moja unaipandisha nusu. Ukiipandisha nusu haigombani na mtu."

Akaipiga. Ilikuwa kweli. Zote zilikaa pamoja, zikalia kwa namna ya ajabu, kali kidogo, kama limau.

Alfajiri, kabla wengine hawajaamka, nilichukua kaa la baridi jikoni, nikatoka nje, na kando ya ile kumi na moja nyeupe ya Katibu nikaandika nusu, moja juu, mstari, mbili chini, kama mwalimu alivyotufundisha. Niliikoleza mara nyingi ili isomeke kutoka barabarani, kwa yeyote anayepita akihesabu.

Aliyepita kwanza alikuwa Katibu mwenyewe. Siku zile, baada ya watu wa nyumba ya saba kutoroka, alikuwa anakagua milango kila asubuhi pamoja na mgambo wawili. Nilimsikia akisimama. Nilimsikia akiita. Mama alitoka na Chacha mgongoni, bibi akafuata, na watu wakaanza kusogea kutoka pande zote mbili za barabara. Baba aliitwa kutoka shamba la kijiji, akaja na jembe begani, akamwamkia Katibu ingawa walikuwa karibu rika moja.

Katibu aliuliza ile nusu ni ya nani. Aliuliza kama kuna familia nyingine imefichwa mle ndani, au kama baba amejigawia kiwanja cha pili, au kama ni dhihaka kwa serikali, maana serikali haijengi nyumba nusu. Baba alisema hajui. Alisema hajui mara ya pili, na mgambo mmoja akalichukua jembe begani mwake akaliegemeza ukutani, kwa upole tu, na upole ule ndio ulionifanya nione kwamba wataondoka naye. Katibu akasema atafuatana nao mpaka tarafani, akaeleze huko. Mama akaanza kumtikisa Chacha mgongoni ingawa hakuwa akilia. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini ningesema nini? Kwamba nimeandika ili shangazi asimchukue mdogo wangu? Nilikuwa kati ya baba na shangazi kama nilivyokuwa kati ya Chacha na Ghati, na safari hii hapakuwa na kibao cheusi.

Hapo shangazi akatokea. Alikuwa anatoka kwake kwenda kisimani, na aliwaona watu kabla hajajua kuna nini. Alipenya katikati yao, akafika mlangoni, akaisoma ile namba. Aliitazama muda mrefu. Kisha akageuka, akanitafuta, na aliponiona mkono wangu mmoja bado ulikuwa mweusi kwa kaa.

"Ni mimi niliyeandika," alisema. "Namfundisha mtoto muziki, nikakosa ubao."

Katibu alikuwa ameugeukia mlango, akiikwaruza ile nusu kwa ukucha. Akamuuliza, bila kumtazama, ni muziki gani unaoandikwa kwenye mlango wa serikali. Shangazi hakujibu. Akauliza tena. Shangazi alisimama tu, akitazama kisogo chake. Watu wakaanza kunong'ona. Katibu akasema, bado ameuelekea mlango, kwamba kama mwalimu anamdharau mbele ya wananchi basi watakwenda wote wawili, yeye na kaka yake. Na shangazi hakujibu.

Nilimwona akitutazama mmoja mmoja, midomo yetu, nyuso zetu, na kutoka nyuso zetu akatambua kwamba ameulizwa kitu. Nikamwona akiogopa. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kumwona mtu mzima akiogopa na kujua kwamba ni hofu, si hasira.

"Katibu," alisema, "ukitaka nikujibu, nigeukie nikuone mdomo. Masikio yangu hayasikii. Yalianza kwenda nikiwa kwenye zile sindano, na sasa yamekwenda. Nimewaficha wote kwa sababu ya kinanda."

Katibu aligeuka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa mistari miwili ya nyumba aihesabu kila siku na kuogopa siku itakayopungua. Alimtazama shangazi, akatazama chini, akasema ile nusu ifutwe kabla ya saa sita, na akaondoka na watu wake. Baba alilichukua jembe lake ukutani. Bibi alimshika shangazi mkono akamwingiza ndani, na mlango ukafungwa nikabaki nje na kopo la maji na majivu, nasugua.

Alasiri alinichukua kanisani kama kawaida, ila hakugusa piano. Alinikalisha nimtazame, akasema nimweleze taratibu, bila kuficha mdomo. Nikamweleza. Nyumba ya kumi na tatu, na kaburi. Mzee wa nyumba ya tano. Ya saba kurudi kwake. Kiganja chake kwenye kuta. Chacha na Ghati. Nilisema huku nimefumba macho, akanigusa kidevu nifumbue, kwa sababu nikifumba macho na midomo yangu inajificha.

Hakucheka. Nilitazamia acheke au anipige. Alichukua mkono wangu akauweka kwenye vibao, akanifanya niviguse kimoja kimoja kutoka kwenye so, akisema hizi ndizo namba zake, alikuwa anazihesabu hizi. Aliniambia kwamba dawa ya sindano iliyoniachia shangazi hai ndiyo iliyomnyima masikio. Ilianza kwa kumwondolea sauti nyembamba za kulia, ikawa inashuka, na ilimwondolea pia uwezo wa kusimama gizani bila kushika kitu. Ndiyo maana kuta. Kila siku alipanda ile kodi kama ngazi ili aone imebaki mpaka wapi.

"Kila nilipokuuliza," alisema, "nilikuwa naomba useme haipo. Nilitaka iwe panya wamekata nyuzi. Wewe ukawa unaniambia ipo."

Tukakaa. Bati lilikuwa linalia kwa jua, nami nikajua kwamba yeye halisikii.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo sikuogopa tena. Vipele vya Chacha vilikomaa, vikachubuka, na siku moja akaomba maziwa; mama akaketi chini palepale jikoni. Lakini wiki iliyofuata Ghati aliugua, na safari hii nilijua ukweli wote, kwamba hakuna anayehesabu, kwamba namba ni rangi ya Katibu na kodi ni sauti. Hofu ile ilikuwa mbaya zaidi. Mwanzoni nilikuwa na kibao cha kubonyeza na kaa la kuandikia. Sasa sikuwa na kitu. Nilikaa mlangoni kwa kina Ghati kila nilipotoka shule, mama yake akanipa kitambaa nimpepee nzi, na nikampepea. Alipona, ila jicho lake la kushoto lilibaki na utando mweupe. Tulirudi kuchota maji pamoja; alitembea upande wangu wa kushoto, ili mimi niwe upande anaouona.

Wazee wa kanisa walikuja kumwona shangazi kabla ya sikukuu ya mavuno. Walisema kwa heshima zote kwamba kwaya itaimba bila kinanda. Aliwapikia chai, akawatazama midomo mmoja mmoja, akaitikia. Walipoondoka alilala siku nzima amegeukia ukuta. Halafu akaamka, akaniita, na tukaenda kanisani, akaniambia nikae katikati ya benchi, mahali pake.

Alinifundisha miaka mingi, mpaka nilipokwenda sekondari Tarime. Alinifundisha kwamba katika kodi kubwa hupigi zote kwa pamoja kama mtu anayemwaga gunia. Unachagua, unaacha ya tano, unaacha ya tatu inapobidi, lakini ya saba unaibakiza, na nyingine unazisimamisha mbalimbali ili kila moja ipate hewa. Alinifundisha kuichelewesha do kwa kiasi cha pumzi moja tu, ili watu waitamani bila kuteseka. Yote hayo bila kusikia sauti hata moja. Na nilipokosea alijua. Nilidhani anavitazama vidole vyangu, mpaka siku nilipogundua kwamba ameketi nyuma yangu, mahali ambapo vidole havionekani kabisa, na bado ananigonga mgongoni kila ninapokosea. Nikageuka nikamuuliza anajuaje.

Alisema anatazama bega langu la kulia. Ninapokaribia sauti nisiyo na hakika nayo, hupanda kidogo kabla kidole hakijagusa.

Sasa mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Nimekaa kwenye korido za hospitali, nimesubiri watu warudi usiku wa vurugu za ng'ombe mpakani, na mara nyingi nimejiambia kwamba nimetulia. Halafu nahisi bega hilo limekwisha panda muda mrefu, nami nalishusha, taratibu, kwa mkono.